Tabianchi imebadilika, au imebadilishwa?

Mtoto akivunja kikombe nyumbani, hasemi, "Mama, nimevunja kikombe." Husema, "Mama, kikombe kimevunjika." Yeye alikuwa anapita tu. Mama naye, hata kama hajawahi kufundishwa kauli za vitenzi darasani, hadanganyiki. Huuliza palepale: "Kimevunjikaje? Nani kakivunja?"

Ndugu msomaji, kwa muda mrefu sasa tunazungumzia tabianchi kwa lugha ya yule mtoto. Tabianchi imebadilika. Misimu imevurugika. Joto limeongezeka. Mvua zimepungua, visima vimekauka, ukame umetukumba. Sikiliza taarifa ya habari, soma bango la warsha yoyote katika kumbi za hapa Dodoma, sikiliza hata mahubiri yetu: vitenzi karibu vyote ni vya mambo yanayotokea yenyewe. Hakuna mtenda. Na kwa kuwa hakuna mtenda, hakuna anayeulizwa.

Si kwamba lugha yetu ni maskini. Kutoka shina moja Kiswahili kinatupa kubadili, kubadilisha, kubadilika, kubadilishwa, kubadilishiwa, kubadilishana. Kati ya "imebadilika" na "imebadilishwa" tofauti ni silabi ya mwisho tu, lakini silabi hiyo ndiyo inayoacha mlango wazi kwa swali la mama: na nani? Nionavyo mimi, sisi tunaoandaliwa kusimama mbele ya waamini tuna wajibu wa kupita katika mlango huo, kwa sababu mahali ambapo mtenda halisi hatajwi, watu hawakai bila jibu. Huweka mtenda mwingine. Na huku kwetu nyanda za kati, wanaowekwa mara nyingi ni wawili: Mwenyezi Mungu, na mama anayebeba kuni.

Wakati wa likizo nilipangiwa utume katika parokia moja ya vijijini, wilaya ya Chamwino. Jioni moja, baada ya sala za Jumuiya Ndogo Ndogo, katekista aliniomba niseme machache kuhusu utunzaji wa mazingira. Badala ya kufundisha, niliuliza: mnaposikia redioni "mabadiliko ya tabianchi", mnaelewa nini, na nani kayaleta? Mzee mmoja alijibu kwanza, kwa upole wa mtu anayemfundisha mjukuu: "Frateri, hayo ni mapenzi ya Mungu. Mvua ni yake, akitaka anatoa, asipotaka hatoi." Mama mmoja akasema, "Ni sisi, Frateri. Tunakata miti. Watu wa semina walikuja wakatuambia." Kijana mmoja wa bodaboda, aliyekuwa amekaa pembeni karibu na pikipiki yake, akamalizia: "Hayo ni maneno ya posho. Yakitajwa, ujue kuna watu wanasaini mahali." Tulicheka wote, na mimi nikiwemo.

Hakuna aliyetaja makaa ya mawe. Hakuna aliyetaja mafuta, wala viwanda, wala nchi yoyote. Na kwa nini wangetaja? Katika maneno yote waliyowahi kusikia juu ya jambo hili, hakuna sentensi iliyowaambia.

Nianze na jina lenyewe, maana wapo wenzangu wanaolilaumu. Husema "tabianchi" ni neno la ofisini, tungesema tu "hali ya hewa" watu wakaelewa. Sikubaliani nao. Hali ya hewa ni ya leo na kesho: mawingu, upepo, mvua ya jioni. Tabianchi ni mwenendo wa hali ya hewa ya mahali kwa muda mrefu, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa kawaida huupima kwa miaka 30. Waliounda neno hili kutokana na "tabia" walifanya kazi nzuri kuliko wanavyosifiwa. Aristotle, katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, anafundisha kwamba tabia hujengwa na matendo yanayorudiwa. Mtu haitwi mlevi kwa sababu ya harusi moja. Vivyo hivyo gharika moja haitoshi kutuambia kuwa tabianchi ni nyingine, wala mwaka mmoja wa mvua nzuri hautoshi kutuambia kuwa hakuna tatizo. Wazungu walichukua neno lao kutoka Kigiriki, klima, yaani mteremko. Kwa mkulima wa Bahi, mteremko haumwambii kitu, tabia inamwambia.

Na Dodoma ilikuwa na tabia yake, hata kama ilikuwa ngumu. Msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili hivi, takriban milimita 570 kwa mwaka, kisha miezi ya vumbi na upepo. Wagogo walijua kuishi na mwenye tabia hiyo: mtama na uwele, ng'ombe wa kuhama naye, tembe lenye paa la udongo, ghala la akiba. Ukijua tabia ya mtu, hata akiwa mkali, utaishi naye. Anayekuumiza ni yule usiyejua leo ataamkaje. Mvua inayonyesha wiki mbili, mkulima akapanda, kisha ikakatika mwezi mzima mbegu zikafia ardhini, haimpotezei mbegu tu. Inaufanya pia ujuzi wa babu yake uonekane uongo.

Hapa lazima niseme neno juu ya utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa kila mwaka mwelekeo wa mvua za msimu, na huenda mbali: hueleza mwanzo, mwisho na uwezekano wa vipindi virefu vya ukavu. Lakini kinachobaki masikioni ni "wastani hadi chini ya wastani". Wastani wa nini? Mkulima hana kipimo cha milimita shambani, ana jembe. Isitoshe, kazi hiyo tumeiita "utabiri", neno ambalo kijijini linakaa karibu na nabii na mganga. Mtabiri wa namna hiyo akikosea mara moja, ni mwongo. Kumbukumbu la Torati sura ya 18 yenyewe inatoa kipimo hicho kwa manabii. Mtaalamu anayezungumza kwa uwezekano anahukumiwa kama nabii aliyekosea. Sioni jina jingine litakaloshika sasa, ila katekista anayesoma taarifa hiyo baada ya Misa anaweza kuongeza sentensi mbili za kufafanua, na itasaidia.

Nirudi kwenye tabia. Neno ni zuri, lakini lina mtego. Mtaani tukisema "mtoto kabadilika tabia", anayekanywa ni mtoto. Basi tukisema tabia ya nchi imebadilika, ni nchi ndiyo inayoonekana imeasi. Ardhi imekuwa mtukutu! Waraka wa Laudato Si', ambao hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliutoa mwaka 2015, unafanya kinyume kabisa: unaichora dunia kama aliyetendwa, anayelia kwa yale aliyofanyiwa. Mwenye kulia huulizwa, "Nani kakupiga?"

Darasani tunafundishwa njia tano za Mtakatifu Thoma wa Akwino, na ya kwanza inaanzia hapohapo: kinachobadilika hubadilishwa na kingine. Ni ajabu kujifunza hilo asubuhi, kisha Jumapili kuhubiri mabadiliko yasiyo na mbadilishaji.

Mbadilishaji anajulikana. Kabla ya enzi za viwanda, hewa ukaa angani ilikuwa sehemu 280 hivi kwa kila milioni. Leo imepita 420. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo imetokana na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na sehemu nyingine na kufyeka misitu. Mwaka 2021 jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa, IPCC, lilieleza kwamba hakuna shaka tena kuwa binadamu ndiye aliyeipasha dunia joto. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kali kuliko wowote tangu vipimo vianze, na wastani wake ulizidi ule wa kabla ya viwanda kwa nyuzi kama moja na nusu. Lakini "binadamu" yupi? Afrika nzima, yenye karibu mtu mmoja kati ya kila watano duniani, hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa inayotokana na mafuta hayo na viwanda. Tanzania haifiki hata asilimia moja.

Sasa angalia lugha inavyotucheza. "Ukaa" ni ndugu wa kaa na mkaa. Mama wa Kibaigwa akisikia "hewa ukaa inaharibu dunia", anatazama jiko lake. Neno hili, ambalo ni sahihi kabisa kitaalamu, linampelekea mashtaka mtu ambaye mchango wake ni mdogo mno. Wenye mitambo ya umeme wa makaa ya mawe, ambao hewa ukaa ni yao kwa wingi, hawasikii chochote maana hawasikilizi Kiswahili.

Waingereza na Wamarekani nao wamehangaika na maneno haya. Usemi wao wa "mabadiliko ya tabianchi" ulikuwepo kwa wanasayansi tangu zamani. IPCC iliundwa mwaka 1988 ikiwa na jina hilo. Lakini mwaka 2002 mshauri wa siasa wa Marekani, Frank Luntz, aliwashauri wanasiasa wa chama cha Republican waupende usemi huo kuliko "ongezeko la joto duniani", kwa sababu hauogopeshi sana. Mwaka 2019 gazeti la The Guardian la Uingereza likaamua kinyume, likawaelekeza waandishi wake watumie maneno ya dharura na mgogoro. Kwetu pia siku hizi nasikia "dharura ya tabianchi" na "janga la tabianchi". Sina ugomvi nayo, lakini kuongeza sauti si kutaja mtenda. Mtoto anaweza kupiga kelele, "Mama, kikombe kimevunjika vibaya sana!", na swali la mama likabaki palepale.

Wengine hujaribu kumtaja mtenda, wakasema "sisi". Sisi wanadamu tumeharibu mazingira. Inasikika kama unyenyekevu, na kanisani inavutia kwa sababu inafanana na kuungama. Ila "sisi" hiyo naiogopa kuliko ukimya. Msomaji aliyewahi kupanga chumba hapa mjini, Chang'ombe au Nkuhungu, ananielewa nikitaja LUKU ya pamoja. Nyumba moja, mita moja, vyumba sita. Mmoja ana friji, pasi na redio kubwa. Mwingine ana taa moja na anachaji simu. Umeme ukiisha, mwenye friji ndiye wa kwanza kusema, "Jamani, sisi sote tunatumia umeme, tuchange sawasawa." Sentensi hiyo si ya uongo. Wote wanatumia. Lakini kila mpangaji anajua kwamba si ya haki, na ugomvi wa nyumba nzima unaanzia kwenye neno "sisi". Baba Mtakatifu aliiita dunia nyumba yetu ya wote. Naomba tukumbuke kwamba nyumba ya wote ina mita. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1992 ulikubali kwamba wajibu ni wa pamoja lakini hautoshani.

Je, nasema miti ikatwe? Hapana, na hapa ndipo lugha ya kubeba kila kitu kwa pamoja inapotuumiza zaidi. Kuna sentensi mbili, na kila moja ina mtenda wake. Ya kwanza: nchi zilizochoma makaa ya mawe na mafuta kwa karne mbili zimeipasha dunia joto. Ya pili: sisi wa hapa tumevua ardhi yetu nguo. Sentensi ya pili ni kweli, na ushahidi wake unaonekana Kondoa. Makorongo ya kule hayakuchimbwa na kiwanda cha Ulaya. Mmomonyoko ulikuwa mkubwa hata mwaka 1973 Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika. Ilikuwa hatua kali na iliwauma wafugaji, lakini nyasi na miti vilirudi. Mti ukikatwa, kivuli kinaondoka, udongo unakwenda na maji, ardhi inachemka. Hayo ni yetu. Tuyaungame kwa jina lake.

Tatizo ni pale mwendesha semina anapochanganya sentensi hizi mbili kuwa moja: "Mnakata miti, ndiyo maana tabianchi ya dunia imebadilika." Mama yule wa Chamwino aliondoka kwenye semina akiwa amebebeshwa mzigo wa mtu mwingine juu ya kuni zake. Wala tusisahau kwamba mkaa hauliwi kijijini peke yake. Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 410,000 hivi katika sensa ya 2012. Katika sensa ya 2022 walikuwa zaidi ya 765,000. Makao makuu yamehamia, watumishi wamehamia, na magunia ya mkaa yanayosimama kando ya barabara yanawasubiri wao. Hata katika sentensi ya pili, basi, kuna anayekata na kuna anayemlipa akate.

Hapohapo Dodoma kuna mfano wa lugha iliyofaulu. Shirika la LEAD Foundation, pamoja na wenzao wa Justdiggit, wameeneza vijijini njia ya kurudisha miti bila kupanda miche: mkulima anatafuta kisiki ambacho mizizi yake bado ina uhai, anachagua machipukizi machache yenye nguvu, anapogoa mengine, anayalinda. Njia hii ilienea Niger tangu miaka ya 1980 na ina jina refu la kitaalamu. Hapa iliitwa "kisiki hai". Maneno mawili! Hakuna anayehitaji warsha ili ayaelewe. Yanasema kitu kiko wapi, kina hali gani, na yanamwachia mwenye shamba nafasi ya kuwa mtenda wa jambo jema. Msomaji wa nabii Isaya sura ya 11 hatashindwa kuona chipukizi la shina la Yese, ingawa sidhani kama waliotoa jina walikuwa wakiliwaza hilo. Tukiweza kuita hivyo tiba, tunaweza kuita hivyo na ugonjwa.

Sasa jibu la yule mzee, kwamba ni mapenzi ya Mungu. Simdharau. Ndani yake kuna imani ambayo vitabu vyetu vya falsafa haviwezi kuizalisha, na Misale ya Kanisa ina sala ya kuombea mvua ambayo natumaini kuisali siku moja mbele ya watu. Mungu ni sababu ya kwanza ya yote. Lakini Mtakatifu Thoma anatufundisha pia kuwa viumbe ni sababu za kweli katika ngazi yao. Mungu hatendi kwa kuwafuta watenda wengine. Kumpa Mungu kazi iliyofanywa na mitambo ya watu si unyenyekevu. Ni kumsingizia. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo, sasa sembuse Muumba! Na tazama Mwanzo sura ya 3: Mungu haingii bustanini akasema tunda limelika. Anauliza. Adamu anamsukumia mwanamke, na Mungu anamuuliza mwanamke naye, ambaye anamsukumia nyoka.

Wazee wa Ugogo wa zamani, nadhani, walikuwa makini kuliko sisi katika hili. Njaa kubwa iliyoipiga nchi hii kati ya 1917 na 1920 hawakuiita "ukame". Waliiita Mtunya, jina ambalo mwanahistoria Gregory Maddox analieleza kuwa na maana ya kugombania, kupokonyana. Ilikuwa ni Vita Kuu ya Kwanza. Jeshi la Wajerumani, kisha la Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo katika nchi ambayo hata mwaka mzuri haina cha ziada. Mvua ilipokosekana, ghala lilikuwa tayari tupu. Kwa hesabu ya Maddox, watu wapatao 30,000 walikufa kati ya 150,000. Mvua ilihusika, ndiyo. Lakini waliobaki hai, walipotafuta jina la kuwaachia wajukuu, hawakuchagua neno la mawingu. Walichagua neno la mikono ya watu.

Najiuliza njaa hiyo ingetokea leo tungeiitaje. Pengine "athari za mabadiliko ya tabianchi katika ukanda wa kati", na tungeshauriwa kujenga "ustahimilivu". Neno hili la ustahimilivu nalo limeenea mno. Jamii stahimilivu, kilimo stahimilivu, mbegu stahimilivu. Mbegu sawa, zivumilie ukame. Lakini kumsifu maskini kwa uvumilivu wake ni jambo la kutazama mara mbili. Kuvumilia mateso ni fadhila. Kumfundisha mwingine avumilie uonevu wakati mwonevu yupo na anajulikana, hiyo si fadhila ya anayefundisha.

Na hapa ndipo swali la mtenda linapogusa mfuko. Ukisema tabianchi imebadilika yenyewe, fedha inayokuja kutoka nchi tajiri ni "msaada", na anayeipokea anapiga makofi. Ukisema imebadilishwa, fedha hiyo ina jina jingine. Watu wa Dodoma hawahitaji kamusi kulijua. Waliopisha ujenzi wa Mji wa Serikali Mtumba, uwanja wa ndege wa Msalato au reli ya kisasa wanaijua tofauti ya msaada na fidia kuliko profesa yeyote. Msaada unashukuru. Fidia unauliza imekokotolewaje. Wakubwa wa dunia nao wanaijua: mwaka 2015, walipopitisha Makubaliano ya Paris, waliandika katika uamuzi ulioambatana nayo kwamba kifungu cha hasara na madhara hakitakuwa msingi wa kudai fidia. Mfuko wa hasara na madhara ulikubaliwa Misri mwaka 2022, na ni hatua. Lakini neno lile bado wanalikwepa. Katika teolojia ya maadili tunajua kwamba aliyeiba ng'ombe haondolewi wajibu wa kumrudisha kwa kutoa sadaka Jumapili. Mtakatifu Thoma ana swali zima juu ya kurudisha, katika sehemu ya haki, mbali na anapoongelea sadaka.

Frateri mmoja, rafiki yangu, aliposikia hoja hii aliniambia: "Maneno hayajazi ghala. Wewe badilisha vitenzi, mvua itabaki ileile." Ni kweli, mvua haisikilizi sarufi. Ila nilimkumbusha yule mama. Jioni ile, baada ya kueleza kwa dakika kumi na tano kuhusu makaa ya mawe na nani ameyachoma, hakuniuliza habari za mvua. Aliuliza, "Kwa hiyo wanadaiwa?" Alikuwa amehudhuria semina kadhaa na hakuwahi kuuliza hivyo, kwa sababu hakuwahi kusikia sentensi yenye mtu ndani yake. Kijana wa bodaboda naye aliacha kutazama simu.

Wala sitaki swali la "nani" liwe fimbo ya kuwapigia wa mbali tu. Likishaingia, litapita kila chumba. Serikali imekwisha kuagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kupikia kuni na mkaa, na kuna mkakati wa nishati safi ya kupikia hadi mwaka 2034. Seminari, shule za bweni na hospitali za Kanisa zimo katika hesabu hiyo. Hivi karibuni nilimuuliza mpishi wa taasisi moja, ambaye masufuria yake ni makubwa kama mapipa, wanapata wapi kuni za kupikia maharage kila siku. "Kuni zinaletwa, Frateri," akanijibu. Nikamuuliza, zinaletwa na nani, na kutoka kijiji gani? Akacheka, akafunika sufuria, akaniambia nikamuulize mhasibu.